Eduardo Mondlane na Deni la Wanafunzi

Jina la marehemu Dakta Eduardo Chivambo Mondlane halihitaji kuelezwa sana kwa wasomaji wa ukurasa huu. Wengi humkumbuka kuwa ndiye Rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichoikomboa Msumbiji kutoka katika mikono ya Wareno. Leo, hata hivyo, hatukusudii kusimulia vita vile, kwa kuwa vimekwisha kusimuliwa na wanaovijua zaidi yetu. Twapenda kumtazama kwa upande ambao aghalabu husahauliwa. Mondlane alikuwa mwanafunzi aliyefukuzwa chuoni, akaanzisha chama cha wanafunzi, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Na katika mwaka wake wa mwisho wa uhai aligombana vikali na wanafunzi wa nchi yake mwenyewe. Ugomvi huo ulihusu jambo ambalo halijapata kumalizika katika nchi zetu, nalo ni hili: mtu aliyesomeshwa ana deni gani kwa wale ambao hawakusoma, na alilipe lini?

Alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920, huko Nwajahani, wilaya ya Mandlakazi, katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu miongoni mwa Watsonga, naye alifariki mtoto angali mdogo. Kijana huyo alichunga mifugo kama wenzake wote, na mama yake ndiye aliyeshikilia kwamba lazima aende shule. Akasoma katika shule za misheni ya Waswisi, kisha akajifunza kilimo kwa Wamethodisti huko Khambine. Katika Msumbiji ya siku zile njia ya Mwafrika iliishia hapo, au pengine kabla ya hapo. Kwa bahati misheni ilikuwa na shule ng'ambo ya mpaka, huko Lemana, Transvaal ya Kaskazini, ambako wenyeji husema lugha ile ile ya Kitsonga. Kwa msaada wa masomo Mondlane akavuka mpaka na kuanza sekondari akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka ishirini, akikaa darasani pamoja na watoto.

Mwaka 1948 alijiunga na chuo cha ustawi wa jamii cha Jan Hofmeyr mjini Johannesburg, na mwaka 1949 akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo hicho kilikuwa kimojawapo cha vyuo vichache vya Afrika Kusini vilivyowapokea Waafrika pamoja na wazungu. Lakini yafaa ieleweke upokezi huo ulikuwa wa namna gani. Mwanafunzi mweusi aliruhusiwa kuketi darasani na mzungu, kusikiliza mhadhara mmoja na kufanya mtihani mmoja. Katika dansi na katika michezo kila mmoja alikwenda na rangi yake. Hata hivyo vyama vya wanafunzi vilikuwapo, mijadala ilikuwapo, na kijana kutoka nchi ambayo hata kukutana watu kadhaa kulitiliwa shaka alijifunza humo jinsi mkutano unavyoitishwa na jinsi hoja inavyopigiwa kura. Tunaamini kwamba somo hilo lilimfaa kuliko mengi aliyofundishwa na maprofesa.

Somo lenyewe halikudumu. Chama cha Makaburu kilikuwa kimetwaa serikali mwaka 1948, na mwaka uliofuata kibali cha Mondlane cha kukaa Afrika Kusini kikakataliwa. Wanafunzi wenzake walipinga, na chama chao cha taifa kikaungana nao, lakini serikali haikusikia. Akarudi Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo, bila shahada.

Mtu mwingine angalitafuta kazi ya ukarani akanyamaza. Mondlane, katika mwaka huo huo wa 1949, alishirikiana na vijana wa shule za sekondari kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa Msumbiji uliojulikana kwa kifupi NESAM. Kwa nje umoja huo haukumtisha mtu. Vijana walikutana katika jumba la chama cha Waafrika, wakasoma vitabu, wakajadiliana, wakacheza dansi, wakasaidiana masomo. Lakini palipo na mjadala pana swali, na swali la kwanza la vijana hao lilikuwa kwa nini wao ni wachache namna ile shuleni katika nchi iliyojaa watoto wa Kiafrika. Polisi waliliona hilo upesi. Mwezi wa Oktoba, 1949, Mondlane alikamatwa akahojiwa siku tatu mfululizo juu ya mambo ya Witwatersrand na ya umoja wake mpya. Wakubwa wakaona dawa ya kijana huyo ni kumpeleka Ureno, mbali na vijana wenzake.

Hapo Wareno walijidanganya. Mondlane alifika Lisbon mwaka 1950 kwa msaada wa masomo kutoka Marekani, akawakuta huko vijana wa makoloni mengine waliopelekwa kwa nia ile ile ya kufundishwa kuwa Wareno. Miongoni mwao walikuwamo Agostinho Neto wa Angola, Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Cape Verde, na Marcelino dos Santos wa Msumbiji. Serikali ilikuwa imewafungulia wanafunzi kutoka makoloni nyumba yao mjini humo tangu mwaka 1944, ikitumaini kuwaangalia kwa urahisi. Badala yake nyumba hiyo ikawa mahali pa kubadilishana mawazo juu ya uhuru, hata polisi wa siri wakaifunga mwaka 1965, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Chumba cha Mondlane kilipekuliwa mara kwa mara. Baada ya mwaka mmoja aliomba ahamishiwe Marekani.

Miaka ya Marekani twaweza kuipita kwa haraka. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1953 katika chuo cha Oberlin, Ohio, kisha akasoma elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Northwestern hadi kupata udaktari mwaka 1960. Mwaka 1956 alimwoa Janet Johnson, Mmarekani mzungu, jambo ambalo baadaye lingetumiwa na maadui zake. Kuanzia mwaka 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa katika mambo ya nchi zilizokuwa chini ya udhamini, na huko ndiko alikofahamiana na Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1961 aliizuru Msumbiji, na watu wengi wakajitokeza kumwona. Aliporudi Marekani aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, ambayo ilimfunga mdomo, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Syracuse.

Tarehe 25 Juni, 1962, vyama vitatu vya Wasumbiji waliokuwa uhamishoni viliungana mjini Dar es Salaam na kuwa FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa kuwa Rais. Alirudi Syracuse kumaliza mkataba wake, na mwaka 1963 akahamia Dar es Salaam na jamaa yake. Ndipo mbegu ya mwaka 1949 ilipoonekana imeota. Waliomfuata katika FRELIMO hawakuwa wachache waliopitia NESAM. Joaquim Chissano alipata kuwa kiongozi wake kabla ya kwenda Ureno kusomea uganga na kutorokea Ufaransa mwaka 1961. Armando Guebuza pia aliuongoza. Wote wawili walikuja kuwa Marais wa Msumbiji, na Pascoal Mocumbi, mwenzao katika umoja huo, akawa Waziri Mkuu. Yupo pia Josina Muthemba, msichana aliyejaribu kutoroka mwaka 1964, akakamatwa pamoja na wenzake kwenye Maporomoko ya Victoria, akarudishwa, akafungwa, kisha akatoroka tena hadi akafika Dar es Salaam. Wareno waliuvunja umoja huo, lakini wanachama wake walikuwa wamekwisha vuka mpaka.

Mondlane alijua kwamba kuwapokea vijana hao hakutoshi. Aliongoza watu ambao zaidi ya 90 kwa mia hawakujua kusoma, naye alitaka kupigana vita na kujenga shule kwa wakati mmoja. Huko Kurasini kukajengwa Taasisi ya Msumbiji kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo, mama Janet akawa mkurugenzi wake. Ilikuwa shule ya sekondari ya wakimbizi, na kila mwanafunzi aliyeingia humo aliota ndoto ya chuo kikuu, Marekani au Ulaya. Vita vilianza tarehe 25 Septemba, 1964, na vilipopamba moto chama kikaamua kwamba wanafunzi nao wawajibike: waende katika maeneo yaliyokombolewa kufundisha, kutibu au kupigana, na masomo ya ng'ambo yasubiri.

Mwezi Machi, 1968, Taasisi ikalipuka. Padri Mateus Gwenjere, aliyekuwa akifundisha hapo na kusikilizwa sana na vijana, aliwatia moyo wadai kwenda vyuo vikuu kwanza. Walilalamikia pia walimu wazungu waliozaliwa Msumbiji, na hata mama Janet mwenyewe. Zikatokea ghasia usiku bwenini, shule ikafungwa, na wengi wa wanafunzi wakakimbilia Kenya. Mwezi Mei ofisi ya FRELIMO mjini Dar es Salaam ikavamiwa na mtu mmoja akauawa. Wakati huo huo wanafunzi Wasumbiji waliokuwa Marekani, kupitia umoja wao wa UNEMO, walichapisha maandishi makali wakisema kwamba Mondlane ameyasaliti mapinduzi. Yeye alikuwa amekwisha waandikia akiwashutumu wale waliokataa kurudi kutumika baada ya kusomeshwa kwa jina la wananchi.

Hatutaki kuwacheka vijana hao. Hoja yao ilikuwa na uzito ambao ni rahisi kuupuuza leo. Nchi ingepata uhuru siku moja, nayo ingehitaji waganga na wahandisi. Je, hao wangetoka wapi ikiwa wote watapelekwa porini? Tena aliyewaambia wasubiri alikuwa mtu aliyekwisha kupata udaktari wake kabla ya risasi ya kwanza kulia. Swali la namna hiyo humchoma kiongozi kwa sababu halijibiwi kwa ufasaha wa maneno. Pamoja na hayo, sisi twaona Mondlane alikuwa na haki zaidi. Mkulima wa Cabo Delgado aliyebeba masanduku ya risasi kichwani hakuambiwa asubiri vita viishe ndipo aanze maisha yake. Kama mwanafunzi peke yake angesamehewa, basi shule ya ukombozi ingekuwa imezaa kile kile kilichotakiwa na Mreno, yaani tabaka dogo la watu waliotengwa na wenzao kwa cheti. Na walikuwapo walioelewa bila kulazimishwa. Josina Muthemba alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi, akaikataa ili abaki katika kazi ya ukombozi. Aliolewa na Samora Machel mwaka 1969, akafa kwa ugonjwa mwaka 1971, umri wake miaka ishirini na mitano tu.

Mwezi Julai, 1968, Mkutano Mkuu wa pili ulifanyika ndani ya Msumbiji, katika Niassa, na Mondlane akachaguliwa tena. Lakini nyufa zilikuwa zimebaki. Asubuhi ya tarehe 3 Februari, 1969, alichukua barua zake ofisini akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay. Miongoni mwa vifurushi kulikuwa na kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani likalipuka, naye akafa papo hapo. Yasikitisha kwamba aliyekitengeneza alijua mtu wa namna ile hawezi kukiacha kitabu bila kukifungua. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni, na mwaka 1979 mabaki yake yakahamishiwa Maputo.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Lourenço Marques, ambacho Wareno walikianzisha mwaka 1962 na ambamo wanafunzi Waafrika walikuwa wa kuhesabika, kilipewa jina la Eduardo Mondlane, mtu ambaye hakupata kusoma wala kufundisha humo. Walimu na mafundi wengi wa Kireno walikuwa wamekwisha kuondoka nchini. Tarehe 8 Machi, 1977, Rais Samora Machel aliwaita vijana wa madarasa ya juu ya sekondari, wale hasa waliokuwa wakingoja kuingia katika chuo hicho, akawatangazia kwamba masomo yao yatakatizwa. Wengine walipelekwa kuwa walimu, wengine jeshini, wengine katika kazi zilizoachwa na Wareno. Wengi wao walikuwa hawajatimiza miaka ishirini.