Maisha ya Daktari Robert Koch

Mtu akiamka usiku akitapika na kuharisha, swali la kwanza aulizwalo ni alikula nini jana jioni. Basi mpishi, au mama lishe, au jirani aliyemkaribisha, hutazamwa kwa jicho baya. Pengine hana kosa hata kidogo. Maradhi mengi ya tumbo huingia mwilini leo, yakakaa kimya, yakaja kujionyesha kesho, kesho kutwa, au hata baada ya majuma kadhaa. Ili tulifahamu jambo hili yafaa tujue habari za daktari mmoja Mjerumani, ambaye alifika hata huku kwetu, kwenye Ziwa Victoria.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Mji ule ulikuwa wa wachimba madini, kama ilivyo huku kwetu Bulyanhulu na Geita, na baba yake alikuwa mkuu katika kazi za migodi. Nyumbani walizaliwa watoto 13. Robert alisoma udaktari katika chuo kikuu cha Göttingen, akafaulu mwaka 1866. Mwaka ule ule alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Hamburg, na huko akawaona kwa macho yake wagonjwa wa kipindupindu.

Baadaye alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara wala wasaidizi. Alikuwa na hadubini yake nyumbani, na kila alipomaliza kuwatibu wagonjwa alikaa akachungulia damu ya mifugo iliyokufa kwa kimeta. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu kijidudu kinacholeta maradhi hayo, na jinsi kinavyoweza kulala katika udongo miaka mingi kikingoja mnyama wa kumwingia. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, akatangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Jina lake likaenea dunia nzima.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri. Koch alitumwa Alexandria, na ugonjwa ulipopungua huko akaufuata mpaka Calcutta, Bara Hindi. Mtaliani mmoja, Filippo Pacini, alikuwa amekwisha kukiona kijidudu hicho mwaka 1854, lakini wengi hawakumsikiliza. Koch alikitenga, akakiotesha peke yake, na mwaka 1884 akatangaza habari zake. Umbo lake limepinda kama alama ya mkato katika maandishi. Alikikuta matumboni mwa wagonjwa, tena akakikuta katika bwawa ambalo watu walioga humo, wakafua nguo humo, na kunywa maji yake.

Ushahidi mkubwa ulipatikana Hamburg mwaka 1892. Katika mji huo watu zaidi ya 8,000 walikufa kwa kipindupindu. Mji wa Altona uligusana na Hamburg, na wote wawili walikunywa maji ya mto Elbe. Lakini Altona walichuja maji yao kwa mchanga, na Hamburg hawakuchuja. Koch alionyesha kwamba katika barabara iliyokuwa mpakani, maradhi yalifuata upande uliotumia maji ya Hamburg, na upande wa pili ulisalimika.

Hata hivyo, mtaalamu mmoja mzee wa mjini Munich, Max von Pettenkofer, hakukubali kwamba kijidudu peke yake chatosha kuleta ugonjwa. Tarehe 7 Oktoba 1892 alikunywa maji yenye vijidudu hivyo mbele ya watu. Siku ya kwanza hakuona kitu. Baadaye akaharisha kidogo kwa siku chache, kisha akapona. Yeye aliona kwamba ameshinda. Lakini vijidudu vilionekana katika choo chake, maana yake ni kwamba mtu asiyeumwa sana aweza kuwapa wengine maradhi ya kuua. Mwaka 1893 Koch mwenyewe aliandika kwamba hata mtu aliyekwisha kupona kipindupindu aweza kuendelea kutoa vijidudu kwa muda.

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akarudi katika nchi yetu mwaka 1905, mwaka ambao alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1906 alifika Mwanza, kisha akavuka ziwa mpaka visiwa vya Ssese, Uganda, kuchunguza malale. Hapo hatuna budi kusema kweli. Aliwapa wagonjwa dawa yenye aseniki kwa vipimo vikubwa, na wagonjwa wasiopungua 20 walipofuka macho. Hata mwaka 1890 alikuwa ametangaza dawa ya kifua kikuu kabla ya kuihakikisha, nayo haikuponya. Mtu aliyekuwa na subira nyingi mbele ya hadubini aliponzwa na haraka mbele ya wagonjwa. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66.

Hadubini ya Koch haikuweza kuona virusi, kwa kuwa ni vidogo mno. Virusi vya tumbo vilianza kuonekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1972, vile viitwavyo noro, na mwaka 1973 vile vya rota, ambavyo huwashika sana watoto wachanga. Tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa kuvikinga.

Leo madaktari wanajua muda wa kila adui. Chakula kilicholala kikatiwa sumu na vijidudu huweza kumtapisha mtu baada ya saa chache tu. Hapo mlo wa mwisho waweza kuwa na hatia kweli. Virusi vya noro hungoja saa 12 hadi 48. Vya rota hungoja kama siku mbili. Kipindupindu hungoja saa chache hadi siku tano. Homa ya matumbo mara nyingi huchukua juma moja hadi mawili, na homa ya ini ya aina ya A majuma mawili hadi manne, au zaidi.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, ugonjwa wa tumbo ukizuka bwenini au kijijini, tuhesabu siku kurudi nyuma. Tuulize wagonjwa wote walikunywa maji ya kisima gani au lambo gani siku zile, walikula wapi, na nani alihara kabla yao. Katika mkoa wetu wa Shinyanga vikongwe wamepoteza maisha kwa kusingiziwa kwamba wamemroga mgonjwa, hali mchawi mwenyewe pengine alikuwa ndoo ya maji ya siku tatu zilizopita. Tuchemshe maji ya kunywa, tunawe mikono kwa sabuni, tutumie choo. Na aliyepona asiharakishe kuingia jikoni kuwapikia wengine.