Nikolaus Otto na Injini ya Kukatia Majani

Ukifika Mlimba mwezi wa Aprili, utaona jinsi bonde la Kilombero linavyostawi. Mpunga umesimama mashambani, na majani nayo hayana subira: uwanja wa shule uliofyekwa wiki hii huhitaji kufyekwa tena baada ya muda mfupi. Huenda wewe na wenzako mnaufyeka kwa fyekeo. Mahali pengine hutumiwa mashine ya kusukuma kwa mikono, yenye magurudumu manne, kisu kinachozunguka chini na injini ndogo juu.

Tuseme mashine kama hiyo imeletwa shuleni kwenu. Tangi lake ni tupu. Mtu mmoja ana dumu la dizeli aliloazima kwa mwenye pawatila. Anasema kuwa mafuta ni mafuta, kisha anamimina. Kamba inavutwa mara kumi, mara ishirini. Inatoka harufu, labda na moshi kidogo, halafu kimya. Kwa nini dizeli inayolima shamba zima la mpunga, tena inayovuta garimoshi la TAZARA kutoka Mlimba kupanda milima mpaka Makambako, ishindwe kuzungusha kisu kidogo? Ili upate jibu, yakupasa kumjua mtu aliyefaulu kwanza kuunda injini ya namna hii. Jina lake ni Nikolaus August Otto.

Otto alizaliwa mwaka 1832 katika kijiji cha Holzhausen, Ujerumani. Baba yake alifariki Otto akiwa bado mtoto mchanga. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akafanya kazi dukani, halafu akawa mchuuzi wa kusafiri. Alikwenda mji hata mji akiuza chai, kahawa, sukari na mchele. Hakusomea uhandisi hata siku moja.

Mwaka 1860 Étienne Lenoir, aliyekuwa akiishi Paris, alitengeneza injini iliyotumia gesi ya makaa ya mawe. Otto alipopata habari zake alivutiwa sana, lakini aliona kasoro mbili. Injini hiyo ilikula gesi nyingi na kutoa nguvu kidogo. Tena ilibidi ikae karibu na bomba la gesi la mjini. Je, mtu wa shamba, asiye na bomba, angefanyaje? Otto na ndugu yake wakabuni chombo cha kugeuza spiriti kuwa mvuke, ili mvuke huo uwake ndani ya injini. Waliiomba serikali ya Prussia hataza, yaani hati inayomlinda mvumbuzi ili wengine wasimwige bila ruhusa. Ombi lao lilikataliwa.

Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1861 fundi mmoja wa Köln alimtengenezea injini ndogo mfano wa ile ya Lenoir. Otto alipokuwa akiijaribu aligundua jambo kubwa: mchanganyiko wa gesi na hewa ukishindiliwa kwanza, kisha ukawashwa, gurudumu la injini huzunguka kwa nguvu nyingi zaidi. Mwaka 1862 aliunda injini ya silinda nne kwa kufuata wazo hilo. Iliendeshwa kwa dakika chache tu. Mishtuko ya mwako ikaivunja, na Otto akaliweka wazo lake kando kwa miaka mingi.

Mwaka 1864 yeye na Eugen Langen, aliyekuwa na fedha na elimu ya ufundi, walifungua kiwanda cha injini mjini Köln. Injini yao ya kwanza ilikuwa ya namna nyingine, ndefu na yenye kelele nyingi. Lakini ilitumia chini ya nusu ya gesi ya injini ya Lenoir, na mwaka 1867 ilipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya Paris. Mwaka 1876 ndipo Otto alipolirudia wazo lake la zamani, na safari hii injini haikuvunjika.

Fanya jaribio hili. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu. Utahisi hewa ikiurudisha mpini nyuma. Endelea kusukuma, na mwisho wa pampu utaanza kupata joto. Hewa iliyoshindiliwa ina nguvu, tena ina joto.

Ndani ya injini ya Otto, pistoni hupanda na kushuka katika silinda kama mchi katika kinu, ila kinu hiki kimefunikwa. Pistoni inaposhuka mara ya kwanza, huvuta hewa iliyochanganyika na mafuta. Inapopanda, huushindilia mchanganyiko huo. Kisha mchanganyiko huwashwa, nao huisukuma pistoni chini kwa kishindo. Inapopanda tena, hutoa moshi nje. Hiyo ndiyo mipigo minne. Ni pigo moja tu linalotoa nguvu. Mengine matatu huendeshwa na uzito wa gurudumu linalozunguka. Otto mwenyewe alidhani kuwa siri ya injini yake ni jinsi gesi na hewa zilivyopangika ndani ya silinda. Baadaye ilijulikana kuwa faida kubwa ilitokana na kule kushindilia. Basi alipata kitu kizuri huku akikieleza visivyo.

Injini hiyo bado ilitumia gesi, nayo iliwashwa kwa ndimi za moto. Mwaka 1884 Otto alitengeneza kifaa cha kuwasha kwa cheche za umeme, na hapo njia ya kutumia petroli ikafunguka. Petroli hugeuka mvuke upesi, hata bila kupashwa moto. Katika kabureta mvuke wake huchanganyika na hewa, na cheche moja ya plagi hutosha kuuwasha. Dizeli ni nzito na haigeuki mvuke upesi. Cheche huyakuta matone mahali pa mvuke, na hayawaki. Injini ya pawatila haina plagi. Ni ya namna iliyobuniwa na Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, katika miaka ya 1890: hewa peke yake hushindiliwa sana mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta yanayonyunyiziwa ndani. Uliona mwanzo wa jambo hilo katika pampu ya baiskeli.

Kwa hiyo yule aliyemimina dizeli aache kuvuta kamba. Fundi amwage mafuta yote ya tangini na ya kabureta, asafishe kwa petroli, kisha afungue plagi na kuikausha. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo huleta moshi na masizi. Nunua mahali panapoaminika. Angalia pia kwamba msumeno wa injini, wenye mipigo miwili, hutaka petroli iliyochanganywa na oili. Mashine ya mipigo minne haitaki hivyo, kwa kuwa oili yake hukaa mahali pake chini ya injini.

Otto hakufurahia matunda ya kazi yake kwa muda mrefu. Mwaka 1886 mahakama ya Ujerumani ilifuta hataza yake, kwa sababu Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alikuwa ameieleza mipigo minne katika kijitabu cha mwaka 1862. Mfaransa huyo hakuunda injini yoyote, lakini maandishi yake yalitangulia. Tangu hapo viwanda vya Ujerumani viliweza kutengeneza injini ya Otto bila kumlipa. Alifariki mjini Köln tarehe 26 Januari 1891, akiwa na umri wa miaka 58. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Uingereza ilianza kuuza mashine ya kukatia majani yenye injini ya petroli.

Mashine ya shuleni iendeshwe na mtu mzima. Kabla ya kuwasha, apime oili kwa kijiti chake. Ikipungua, chuma husagana na chuma. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara. Petroli itiwe injini ikiwa imepoa, mbali na moto. Na mtu yeyote asiguse kisu kabla waya wa plagi haujachomolewa, hata kama injini imezimika, maana kukizungusha kisu kwa mkono ni sawa na kuvuta kamba.

Mwezi wa Juni majani yanapokauka, mashine huwekwa stoo kwa miezi mingi. Petroli iliyoachwa ndani hupoteza mvuke wake mwepesi, ikabaki utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Imwagwe katika chombo salama, kisha injini iwashwe mpaka izimike yenyewe. Mvua zikirudi mwisho wa mwaka, itiwe petroli mpya.