Mwalimu Nyerere, jembe la shule na sahani ya mwanao

Swali ambalo wazazi hawachoki kuniuliza ni hili: mtoto wangu anakula wali na samaki vizuri, lakini mboga za majani hataki hata kuziona, nifanyeje? Wiki hii nitajibu kwa kukusimulia maisha ya mtu unayemfahamu, ila kwa upande ambao hausimuliwi sana.

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na Mgaya, mmoja wa wake wengi wa chifu. Alipewa jina la pepo wa mvua wa Wazanaki, kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha. Alichunga mbuzi na kumsaidia mama yake shambani. Shule aliianza 1934 pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Maana yake jembe alilishika kabla ya kalamu.

Akasoma Tabora, kisha Makerere kuanzia 1943. Aliporudi alifundisha St. Mary's, Tabora, na mojawapo ya masomo yake lilikuwa biolojia. Sisi madaktari hupenda kulikumbuka hilo. Akaenda Edinburgh 1949, akarudi 1952, akafundisha Pugu hadi 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Ya uhuru unayajua.

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, aliandika Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe pia shamba. Hakutaka shamba la maonyesho lenye matrekta, maana nchi haikuwa na fedha hizo. Alitaka shamba ambalo mwanafunzi anajifunza kutunza udongo na kutumia mbolea, anashiriki kupanga kitakacholimwa, na anaona matokeo kwa macho yake. Shamba likistawi, maisha ya shuleni yawe bora. Likizembewa, kila mmoja alione pengo.

Sasa wewe uliyesoma miaka hiyo utacheka, kwa sababu unachokumbuka ni kulima kama adhabu. Ni kweli. Shule nyingi zilimgeuza mtoto kibarua: aliyechelewa namba alipewa eneo la kulima, mazao yakauzwa, na aliyelima hakuyaonja. Kwa maoni yangu hapo ndipo faida ya kiafya ilipopotelea. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya mchicha hawezi kuupenda mchicha. Mwalimu aliwaza shamba na mezani pamoja; watekelezaji wakachukua shamba peke yake.

Na Rufiji ina yake ya kusema. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali yake iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya ujamaa sehemu za juu. Walinusurika na maji, lakini wakawa mbali na mashamba ya mlau, yale yanayolimwa maji yanapopungua na kuacha tope lenye rutuba, bila mbolea ya dukani. Nadhani ilifaa wazee wa bonde wasikilizwe zaidi.

Lakini lishe hakuisahau. Mwaka 1973, chini ya uongozi wake, ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ikaendeshwa kwa redio na vikundi vya kujifunza. Baada ya ukame wa miaka hiyo ikafuata Chakula ni Uhai, 1975. Alipoachia urais 1985 alirudi Butiama kulima. Alifariki London Oktoba 14, 1999, kwa saratani ya damu.

Mzazi mwenzangu wa Mbwera, kazi aliyoiacha haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Delta ina samaki, kamba, mpunga na nazi, kwa hiyo mara nyingi kinachopungua sahanini ni majani na matunda. Mpe mtoto tuta lake dogo, achague mwenyewe: mchicha, bamia au matembele. Mchicha huvunwa ndani ya wiki nne hivi, muda ambao mtoto anaweza kuuvumilia. Pale maji ya chumvi yanapofika, tumieni viroba vilivyoinuliwa na mwagilieni maji ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi. Mboji itengenezeni kwa majani makavu, pumba za mpunga, maganda ya kamba na samadi. Samadi iwe imeoza kabisa, kwani mbichi huleta vijidudu na minyoo; na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila atokapo bustanini. Dawa za kuua wadudu za dukani zisikaribie bustani ya mtoto.

Akivuna, apike pamoja nawe, na ale alichovuna siku hiyohiyo. Msiuze mavuno ya kwanza! Tui la nazi au mafuta kidogo husaidia mwili kufyonza vitamini A iliyo kwenye majani, na ndimu husaidia kupata madini ya chuma. Chai ya rangi huyazuia madini hayo, isogezeni mbali na mlo. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa sababu kibichi kina sumu.

Hata hivyo bustani si tiba ya mtoto aliyekwisha kuugua. Ukiona miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, mtoto amepauka, au utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 unasoma chini ya sentimita 11.5, usisubiri mchicha uote. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni safari ya kungoja maji yajae ndipo mashua iondoke.