Kura ya Masinde Muliro

Mimi nimesomea biashara, kwa hivyo nikiambiwa kiongozi fulani ni mzuri, huwa nauliza vitabu vyake vya hesabu viko wapi. Kwa mbunge, vitabu hivyo ni kura zake. Je, ya mbunge wako ya mwisho unaijua?

Masinde Muliro alizaliwa 1922 huko Matili, Kimilili. Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, wakati bado tunatawaliwa na Mwingereza. Lakini mimi nataka tukae kwa siku moja tu, Juni 1975.

Mwezi Machi mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa, mwili ukapatikana Ngong. Kamati ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ikachunguza, ikaleta ripoti. Serikali haikutaka ripoti ile ikubaliwe. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi, na wakati huo waziri alitarajiwa kupiga kura na serikali yake. Angeweza kutoka akanywe chai kura ikipigwa (wako wanaofanya hivyo). Alibaki, akapiga kura ripoti ikubaliwe, na ikapita. Rais Kenyatta akamfuta kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu waliopiga kura kama yeye.

Gari la bendera likaenda hivyo. Mwaka 1991 alikuwa kati ya waanzilishi wa FORD, kupigania vyama vingi. Agosti 1992, akitoka London, alifariki uwanja wa ndege Nairobi.