Katharine Cook, Mkunga wa Mengo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kut. 1:15–21, Luka 8:40–56, Luka 10:30–37, Yoh. 8:1–11, Tito 2:3–5, 3 Yoh. 2.

Wazo kuu: Mungu hamponyi mtu vipandevipande. Anayemhudumia mgonjwa kwa jina lake huutazama mwili, akili, roho na nyumba anakotoka.

Binti Yairo alipofufuliwa, Yesu hakuondoka mara. Aliagiza apewe chakula. Aliyeyashinda mauti alikumbuka kwamba mtoto ana njaa. Juma hili tutafuata maisha ya mwanamke aliyejaribu kuuguza kwa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Hakuwa wa kanisa letu. Alitumwa na Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Anglikana. Lakini kazi yake inatufundisha.

JUMAPILI: Safari

Katharine Timpson alizaliwa Uingereza mwaka 1863, akajifunza uuguzi katika hospitali ya Guy's, London. Kabla ya hapo, mwaka 1860, Florence Nightingale alikuwa amefungua shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', na uuguzi ulikuwa unaanza kuheshimiwa kama kazi yenye mafunzo yake.

Mwaka 1896 Katharine alifika Mombasa pamoja na kundi la wamisionari, akiwemo daktari kijana, Albert Cook. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, hivyo sehemu kubwa ya njia walikwenda kwa miguu. Walifika Mengo, karibu na ikulu ya Kabaka, Februari 1897.

*Soma Luka 10:33–34. Msamaria alimkaribia majeruhi kabla ya kumfunga jeraha. Kwa nini ukaribu hutangulia dawa?*

JUMATATU: Wodi ya Mengo

Hospitali ya kwanza ilikuwa nyumba ndogo ya kienyeji kwenye kilima cha Namirembe. Daktari alipasua, Katharine, akiwa muuguzi mkuu, alibeba yaliyobaki: maji safi, matandiko, chakula, vidonda vya kuoshwa, na vijana wa Kiganda waliopaswa kufundishwa kila jambo tangu mwanzo. Mwaka 1900 yeye na Albert walioana.

Mengo wagonjwa walisikia Neno kabla ya kutibiwa, na daktari aliomba kabla ya kupasua. Lakini ibada haikuchukua nafasi ya sabuni, wala sabuni haikuchukua nafasi ya ibada. Mtume Yohana, akimwandikia Gayo, aliunganisha afya ya mwili na ustawi wa roho katika ombi moja.

*Soma 3 Yoh. 2. Je, sisi tunapomtembelea mgonjwa, ni upande upi tunausahau mara nyingi?*

JUMANNE: Moto na malale

Mwaka 1901 Albert na ndugu yake Jack, naye daktari, waliwatambua Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliua watu zaidi ya laki mbili kando ya Ziwa Victoria. Mwanzoni hapakuwa na dawa ya kuuponya. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali, ikateketea, ikabidi kujenga upya.

Hapo ndipo uuguzi hupimwa. Daktari asiye na dawa anaweza kuona kazi yake imekwisha. Muuguzi bado ana kazi: kumgeuza mgonjwa asiote vidonda, kumlisha, kumsafisha, kukaa naye asife peke yake. Kutoweza kuponya si ruhusa ya kuacha kuhudumia.

*Fikiri juu ya mtu unayemjua ambaye ugonjwa wake hauna tiba. Ni huduma gani bado anaihitaji?*

JUMATANO: Shule

Kina mama wengi walikufa wakati wa kujifungua, na watoto wengi hawakufikisha mwaka. Katharine aliona kwamba wauguzi wachache kutoka Ulaya hawangeweza kamwe kuzifikia nyumba zote za Buganda. Lazima mabinti wa nchi wafundishwe. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza alianzisha shule ya wakunga Mengo, ambayo baadaye ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana.

Mafunzo yalitolewa kwa Kiganda, na Albert na Katharine walitayarisha kitabu cha ukunga katika lugha hiyo. Jambo hili lina uzito. Mkunga aliyejifunza kwa lugha ya mama mjamzito huweza kumweleza, kumtuliza na kumsikiliza.

*Soma Kut. 1:15–21. Shifra na Pua walikuwa wakunga, nao walimcha Mungu. Ujuzi wao na uchaji wao vilikutana wapi?*

ALHAMISI: Vijijini, na onyo

Wahitimu hawakubaki Mengo. Walipelekwa katika vituo vya uzazi vijijini, na Katharine alivisimamia. Ndipo huduma ilipoingia nyumbani: mkunga aliona mama anakula nini, anachota maji wapi, na mtoto analala wapi.

Tusifiche upande wa pili. Karibu na mwaka 1907 madaktari, Albert akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba kaswende imeenea mno Buganda, na wengi wakailaumu tabia ya watu. Watafiti waliofuata waliona kwamba ukubwa wake ulizidishwa, kwa kuwa magonjwa mengine, kama buba, yalichanganywa nayo. Watu wengi walibebeshwa aibu isiyo yao. Kusema tunahudumia roho hakutupi haki ya kumhukumu mgonjwa. Yesu alimwita binti yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, mbele ya umati.

*Soma Luka 8:47–48 na Yoh. 8:10–11. Tunawezaje kusema kweli juu ya afya bila kumwaibisha mtu?*

IJUMAA: Jifunze zaidi

Katharine alifariki mwaka 1938. Hospitali ya Mengo ingali ipo. Kanisa letu nalo lilianza mapema: mwaka 1883 Dkt. Kate Lindsay alianzisha mafunzo ya wauguzi Battle Creek, Marekani, na leo Kendu, nchini Kenya, hospitali ya kanisa ina chuo cha uuguzi.

Sisi wa Kinampanda tumezungukwa na walimu na wanaojifunza ualimu. Wengi wetu si wauguzi. Hata hivyo kila nyumba itakuwa na mgonjwa siku moja, na mzazi mwenye uchungu usiku hangoji mtaalamu afike ndipo ahitaji mkono wa kushika. Tito 2 huwapa kina mama wazee kazi ya kuwafundisha vijana. Katharine aliifanya kuwa shule. Kikundi chako kinaweza kuanza na nyumba moja.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, mama mjamzito anapopata uchungu usiku, nani huitwa kwanza? Nani huwaangalia watoto anaowaacha, na nani hulipa nauli? Kikundi kinaweza kubeba lipi?
2. Je, yupo mgonjwa ambaye tumemwombea lakini hatujamfulia nguo? Au tuliyempelekea chakula bila kumsikiliza?
3. Mkunga wa jadi anajua mambo ambayo zahanati haijui, na zahanati inajua asiyoyajua. Tutawaketishaje pamoja kwa heshima?