Umm Kulthum na Machozi ya Umma

Afapo mwimbaji mzee, watu wengi humlilia kana kwamba wamefiwa na mama yao mzazi. Wako waonao jambo hili kuwa upuuzi, nao huuliza: marehemu alikuwa nani kwao? Kwa kulijibu swali hilo, twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za bibi mmoja wa Misri, ambaye mazishi yake yaliutikisa mji wa Cairo mwaka 1975.

Umm Kulthum alizaliwa katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, upande wa kaskazini ambako mto Nili hugawanyika kabla ya kuingia baharini. Vitabu havipatani juu ya mwaka wake. Vingine hutaja 1898, vingine 1904. Baba yake, Sheikh Ibrahim, alikuwa imamu wa msikiti, mtu fukara aliyeongeza riziki yake kwa kuimba kasida katika arusi na sherehe za dini. Nyimbo hizo alikuwa akimfundisha mwanawe wa kiume, Khalid. Binti alisikiliza kando, akazishika zote. Baba alipoitambua sauti ile aliamua kumchukua. Lakini kwa kuona haya kumsimamisha binti mbele ya wanaume, alimvika mavazi ya kiume. Hivyo ndivyo mbuyu ulivyoanza kama mchicha.

Chuoni kwao alijifunza kusoma Kurani, na huko alipata ufasaha wa kutamka ambao haukumwacha maisha yake yote. Mapema katika miaka ya 1920 alihamia Cairo pamoja na jamaa zake. Mjini alionekana mshamba, naye hakukasirika bali alijifunza. Mshairi Ahmad Rami alimwongoza katika elimu ya ushairi, na fundi wa udi Muhammad al-Qasabji alimtungia nyimbo. Redio ya taifa ilipofunguliwa mwaka 1934, sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizosikiwa kwanza. Tangu hapo, kwa miaka mingi, usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wa muziki ulikuwa wake. Matajiri walikaa ukumbini kwa tikiti. Maskini walikusanyika mikahawani penye redio. Wimbo mmoja uliweza kupita saa nzima, kwa maana aliurudia ubeti kila mara kwa namna mpya, kama wasikilizaji walivyomtaka. Hata katika pwani yetu, ambako taarabu ina nasaba na Misri, jina lake halikuwa geni.

Baada ya Misri kushindwa vitani mwaka 1967, bibi huyu, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka sitini, hakujifungia nyumbani. Alisafiri kuimba Paris, Tunisia, Morocco, Kuwait, Sudan na kwingineko, na mapato ya safari zile aliyatoa kwa nchi yake. Kwa hiyo watu hawakumjua kwa sauti peke yake. Walimjua kwa kushiriki msiba wao.

Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Alipofariki tarehe 3 Februari 1975, baada ya kuugua mafigo na moyo, serikali ilipanga mazishi ya heshima yaanzie Msikiti wa Omar Makram siku mbili baadaye. Lakini umati, ambao wengine waliukadiria kuwa mamilioni, haukukubali kuwa mtazamaji. Watu waliwapokonya wachukuzi jeneza, wakalipokezana mabegani kwa muda wa saa kadha, wakalipeleka Msikiti wa Sayyidna Husein walioamini kuwa aliupenda. Serikali ilikuwa na ratiba yake. Watu walikuwa na mfiwa wao, nao walitaka kumzika kwa mikono yao. Yule aliyekaa nao kila mwezi kwa zaidi ya kizazi kimoja hakuwa mgeni kwao. Walijililia nafsi zao pia: ujana wao, arusi zao, na wazazi waliosikiliza pamoja nao.

Lakini habari hii haikuishia kaburini. Nyumba yake ya Zamalek, kando ya mto, ilibomolewa miaka michache baada ya kifo chake, na mahali pake pakasimama jengo refu lenye hoteli. Makumbusho yake katika kisiwa cha Roda hayakufunguliwa mpaka mwaka 2001. Hatusemi kwamba machozi ya 1975 yalikuwa ya uongo. Yalikuwa ya kweli kabisa. Twasema kwamba machozi hayatunzi nyumba, wala hayahifadhi santuri, wala hayamlipii mgonjwa dawa. Kilio ni kazi ya siku moja. Kutunza ni kazi ya kila siku.

Kama nyumba ya mtu aliyeheshimiwa hivyo katika uhai wake haikusalimika, je, itakuwaje kwa waimbaji wazee ambao nyimbo zao twaziimba sote, na milango yao hakuna aipigaye hodi? Siku watakapokufa tutajaa barabarani, na kila mmoja atasimulia jinsi alivyowapenda. Wazee wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kingojewe kipoe kwanza.