Mwalimu Aggrey: mtu mmoja, masomo mengi



Kila mwaka masomo yakianza tunasikia maneno yale yale ndani ya kalasi. Mwalimu anaingia na kitabu cha Kifaransa. Kiisha anarudi na kitabu cha jeografia, na siku ya ijumaa iko yeye tena na historia. Wengine wanacheka kwa nyuma na kusema kwamba anayefundisha kila kitu hajui kitu. Katika bulletini hii tunaeleza maisha ya mwalimu mmoja Mwafrika aliyefundisha namna hiyo zaidi ya miaka 30. Kiisha kila mmoja ajipimie mwenyewe.

Jina lake ni James Emman Kwegyir Aggrey. Alizaliwa tarehe 18 oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, kando ya bahari, katika inchi ya Gold Coast ambayo tangu 1957 inaitwa Ghana. Baba yake alikuwa msemaji wa mfalme, yaani mtu wa kuchukua maneno ya mkubwa na kuyafikisha vizuri kwa watu. Mtoto alisoma ku shule ya misioni ya Wamethodisti kule Cape Coast. Alipokuwa na miaka kama 15 tu, misioni ilimtuma kijijini kufundisha watoto wenzake. Hapana diploma, hapana vitabu vingi. Alichokisoma jioni, alikifundisha asubuhi.

Baadaye alirudi Cape Coast, akafundisha kule mpaka akawa mkuu wa shule. Wakati ule ule alisaidia kazi ya kutafsiri Biblia katika Kifanti, lugha ya mama yake. Mwaka 1897 serikali ya Waingereza ilitaka kuweka sheria mpya juu ya ardhi, na wenyeji waliogopa kupoteza mashamba ya babu zao. Wakubwa na wasomi wa inchi walifanya chama cha kutetea haki zao, na Aggrey alikuwa mmoja wa makarani wake. Mwaka uliofuata serikali iliacha ile sheria. Kijana aliona kwamba kalamu ya mwalimu inaweza kulinda shamba la baba.

Mwezi wa julai 1898 alipanda mashua kubwa kwenda Marekani. Aliingia Livingstone College, shule ya juu ya kanisa la Wamethodisti weusi, katika mji mdogo wa Salisbury, North Carolina. Alimaliza mwaka 1902 kwa sifa kubwa. Angeweza kutafuta kazi yenye pesa, lakini shule ilimwomba abaki, naye alibaki.

Sasa angalieni kazi yake pale. Shule ilikuwa maskini na walimu walikuwa wachache. Aggrey alifundisha Kiingereza, Latini na Kiyunani cha Agano Jipya. Alifundisha pia ekonomia, na sosiolojia, yaani elimu ya maisha ya watu katika jamii. Zaidi ya hayo aliandika majina ya wanafunzi na kuangalia hesabu za pesa za shule. Mwaka 1903 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na baadaye alipewa makanisa mawili madogo ya wakulima weusi. Huko nako hakuacha kufundisha: aliwahimiza wakulima wanunue ardhi yao wenyewe, walime vizuri, waweke akiba. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na mara nyingine ulikawia. Alikuwa na mke, Rose, aliyemwoa mwaka 1905, na watoto wa kulisha.

Aliwezaje? Jibu si kwamba alizaliwa na akili ya ajabu. Jibu ni kwamba hakuacha kuwa mwanafunzi. Likizo ilipofika, wengine walipopumzika, yeye alisafiri mpaka New York kusoma ku universite ya Columbia. Mwalimu huyu wa kukaa mbele ya kalasi alikubali kukaa tena ku banki pamoja na vijana. Alipata shahada yake ya Columbia mwaka 1922, akiwa na miaka karibu 47. Somo alilopewa kufundisha hakulijaza maneno ya bure. Alikwenda kulitafuta.

Mwaka 1920 shirika la Phelps-Stokes la Marekani lilituma wajumbe kutazama shule za Afrika, na Aggrey alikuwa Mwafrika pekee kati yao. Hivyo aliona tena inchi yake kiisha miaka 22. Wajumbe walipita Afrika ya Magharibi, wakafika Kongo ya Wabelgiji, Angola, mpaka Afrika ya Kusini. Hapa kwetu wakati ule shule za misioni za Kiprotestanti zilijitegemea. Serikali ya Wabelgiji ilianza kuzisaidia kwa pesa mwishoni mwa miaka ya 1940 tu. Mwaka 1924 alisafiri tena, Afrika ya Mashariki.

Safari zile hazikuwa za raha. Pahali pengi Wazungu hawakumpokea sawa na wenzake. Yeye alijibu kwa upole na kwa mifano. Mfano uliojulikana sana ni wa piano: mtu anaweza kupata wimbo kwa vibao vyeupe tu au kwa vyeusi tu, lakini sauti zikipatana vizuri ni kwa vyote pamoja. Waafrika wengine walimlaumu kwamba upole ule ulizidi, kwa sababu katika inchi nyingi mwenye kibao cheupe hakutaka cheusi kisikike hata kidogo. Lawama hiyo ilikuwa na maana yake. Lakini vijana waliomsikia hawakurudi nyumbani na hofu. Nnamdi Azikiwe, aliyekuwa baadaye rais wa kwanza wa Nigeria, alimsikia akiwa kijana. Kwame Nkrumah wa Ghana alimjua akiwa mwanafunzi wa ualimu, na mwaka 1935 alifuata njia yake ya kwenda kusoma Marekani.

Mwisho wa mwaka 1924 Aggrey aliitwa kusaidia kujenga shule mpya ya Achimota, karibu na Accra, pamoja na gavana Guggisberg na mchungaji Fraser. Alitetea kwamba wasichana nao waingie, kwa sababu alijua kwamba kumfundisha mwanamke ni kufundisha jamaa nzima. Shule ilifunguliwa rasmi mwezi wa januari 1927, na alama yake ilikuwa vile vibao vya piano, vyeusi na vyeupe.

Kilibaki kitu kimoja: kitabu cha kumaliza udaktari wake, kilichokawia mara nyingi sababu ya kazi za wengine. Mwaka ule ule alipata likizo, akarudi New York kukiandika. Lakini tarehe 30 julai 1927 ugonjwa wa menenjaiti ulimwua. Alikuwa na miaka 51. Alizikwa Salisbury, mji aliofundisha zaidi ya miaka 20.

Mtu anaweza kusema alitawanya nguvu zake: kama angeshika somo moja, angepata udaktari mapema. Ni kweli, na hasara ile aliibeba yeye mwenyewe. Lakini wale waliopata Latini asubuhi na ekonomia kiisha chakula, katika shule isiyoweza kulipa walimu wawili, wangepata wapi?

Basi, bandugu, mwalimu akiingia mara ya tatu siku moja na kitabu kingine, tusicheke. Tutazame kama kitabu kile kimefunguliwa usiku. Na ninyi walimu wetu, taa zenu za usiku tunaziona.